Pete za Kale (2): Siri Iliyo Upande wa Ndani

Makala iliyopita ilimwacha mnunuzi akiwa ameshika pete ya dhahabu yenye kito chekundu, huku muuzaji akiapa kuwa ni ya enzi za Malkia Victoria. Kito kisubiri kwanza. Aigeuze pete, achungulie ndani.

Kinachohitajika ni lenzi ya sonara, inayokuza mara 10. Pete za Uingereza aghalabu hugongwa mihuri midogo: nanga ni ya Birmingham, kichwa cha chui ni cha London, ngome ni ya Edinburgh. Herufi moja pembeni hutaja mwaka. Ila namba ndizo zenye mdomo mpana. Dhahabu ya karati 15 ilihalalishwa huko mwaka 1854 na kufutwa 1932, basi pete yenye 15 na .625 imekwisha kujitolea umri, hata muuzaji aseme nini.

Mihuri ikikosekana, si lazima pete iwe bandia. Dhahabu hulika kidoleni, na sonara anayepunguza pete hukata kipande. Huenda nanga ilitoka na kipande hicho. Palipolehemiwa huonekana mstari mwembamba wenye rangi tofauti kidogo.

Sasa kile kito chekundu. Mwaka 1902 mkemia Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuyeyusha unga wa alumina katika mwali mkali na kuotesha rubi. Ndani ya rubi hizo lenzi huonyesha mistari iliyopinda, mfano wa mifuo ya sahani ya santuri. Za ardhini, mistari yake hunyooka. Victoria alifariki Januari 1901. Mistari ikipinda, ama pete ni changa kuliko inavyosifiwa, ama kito kilibadilishwa. Kwa tanzanaiti hata lenzi haihitajiki: iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na pete ya “karne ya 19” yenye kito hicho ni kichekesho.

Pete za karne ya 18 zina hatari yake. Nyingi zimezibwa nyuma ya kito, na humo ndani fundi alitandika karatasi nyembamba ya metali ili kito kiwake kwa mwanga wa mshumaa. Maji yakipenya, karatasi huwa nyeusi na kito hufifia. Mnunuzi asizioshe.

Wiki ijayo: pete za maombolezo, zikiwamo zaidi ya 120 zilizogawiwa katika mazishi ya Samuel Pepys, mwandishi wa shajara, London, 1703.