Je, Wajua? Heisenberg Husingiziwa Upana wa Vilele

Weka etanoli kidogo ndani ya sumaku ya tesla 11.7, na viini vyake vya hidrojeni vitayumba kwa takriban megahezi 500. Havilingani: vya kundi la CH3 hupishana na vya CH2 kwa zaidi ya hezi 1,000. Kisambazaji cha mawimbi ya redio ya kuviamsha, kwa upande wake, kimewekwa kwenye masafa mamoja tu. Inakuwaje basi mpigo wake mmoja uviamshe vyote?

Siri ni ufupi wake. Mpigo hudumu kama sehemu 10 za milioni za sekunde, na wimbi lililokatwa mapema hivyo husambaa kwenye ukanda wa masafa wenye upana wa karibu hezi 100,000.

Hapo wengi hukimbilia kanuni ya Werner Heisenberg ya mwaka 1927: muda ukiwa mfupi, nishati haijulikani barabara. Lakini piga hesabu. Nishati ni masafa mara kigezo cha Planck. Gawa pande zote mbili za kanuni kwa kigezo hicho, nacho kinatoweka! Kinachobaki ni muda na masafa, hesabu ya mawimbi itokayo kwa Mfaransa Joseph Fourier, aliyefariki 1830. Mpiga zumari anaijua bila hesabu: sauti isipovutwa kidogo, hakuna atakayeitambua noti.

Kusikiliza nako kuna sharti lilelile. Tangu Richard Ernst na Weston Anderson walipotangaza mbinu ya mipigo mwaka 1966, mashine hupiga, kisha hurekodi mlio wa viini unaofifia na kuugeuza kuwa grafu yenye vilele kwenye masafa yake. Kundi la CH3 hutoa vilele vitatu vinavyoachana kwa hezi 7 hivi. Ukirekodi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, huvioni vitatu, unaona kichuguu kimoja. Rekodi sekunde mbili, vinasimama kila kimoja peke yake.

Wala upana wa kilele si ujinga wetu. Kilele chenye upana wa hezi 1, kelele zikiwa chache, kitovu chake husomeka hadi sehemu ya mia ya hezi.

Heisenberg ana nafasi yake, kwenye kiini kimoja kimoja: huwezi kujua kwa pamoja kimeelekea wapi katika mihimili yote mitatu. Ila neli ndogo ya maabara ina viini mabilioni ya mabilioni, na jumla yake huenda kama sumaku moja ndogo. Milinganyo ambayo Felix Bloch aliiandikia sumaku hiyo mwaka 1946 haina kigezo cha Planck hata mahali pamoja.