Lakishi na Ukimya wa Vyanzo: Namna Tabaka la Tatu Lilivyopata Tarehe Yake

1.0 Utangulizi

Lakishi ni miongoni mwa miji ya Yuda inayotajwa mara kwa mara katika Agano la Kale. Yoshua 10 inasimulia kutekwa kwake. 2 Wafalme 14 inaeleza kuuawa kwa Mfalme Amazia mjini humo. Na 2 Wafalme 18 inamwonesha Senakeribu, mfalme wa Ashuru, akiwa huko wakati Hezekia anatawala Yerusalemu. Kwa sababu hiyo, magofu yake huchukuliwa na wengi kuwa uthibitisho wa Maandiko. Makala haya yanajenga hoja tofauti kidogo: uzito wa Lakishi unatokana na kuwapo kwa vyanzo vilivyojitegemea, kila kimoja kikiwa na jambo kinalolinyamazia.

2.0 Mahali na mazingira

Magofu hayo yako Tell ed-Duweir, takribani kilomita 40 kusini-magharibi mwa Yerusalemu, katika Shefela, yaani ukanda wa vilima ulio kati ya uwanda wa pwani na milima ya Yuda. Kilima chenyewe kimeongezwa kimo na kazi ya watu: mji ulipobomoka, mwingine ulijengwa juu ya vifusi vyake. Miteremko yake ni mikali karibu pande zote, isipokuwa kusini-magharibi ambako kinaungana na kilima jirani. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wa kiulinzi. Maji yalipatikana katika kisima chenye kina cha zaidi ya mita 40, upande wa kaskazini-mashariki.

Utambuzi wa mahali hapa haukuwa wa moja kwa moja. Mwaka 1890 Flinders Petrie alichimba Tell el-Hesi akiamini kuwa ndiyo Lakishi. Pendekezo la Tell ed-Duweir lilitolewa na William F. Albright mwaka 1929, nalo ndilo lililokubaliwa na watafiti wengi.

3.0 Vyanzo na ukimya wake

Chanzo cha kwanza ni Biblia. Inaeleza kwamba Hezekia alituma ujumbe kwa mfalme wa Ashuru huko Lakishi, na kwamba kutoka huko jeshi lilitumwa Yerusalemu. Lakini haisimulii kuanguka kwa Lakishi yenyewe. Chanzo cha pili ni kumbukumbu za kifalme za Senakeribu kuhusu vita vya mwaka 701 KK. Zinadai kutekwa kwa miji 46 yenye ngome, bila kuitaja Lakishi kwa jina. Chanzo cha tatu ni michongo ya ukutani iliyofukuliwa na Austen Henry Layard katika kasri la Ninawi, ambayo sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza, London. Inaonesha mji ukihusuriwa na wakazi wakiondoshwa, na maandishi yake yanautaja mji huo kuwa Lakishi. Lakini hayatoi mwaka.

Chanzo cha nne ni udongo. Huu unahifadhi majivu, kuta na vigae, ila hautaji jina la mshindi.

4.0 Mgogoro wa Tabaka la Tatu

Uchimbaji ulioongozwa na James Leslie Starkey kuanzia mwaka 1932 hadi 1938 ulibaini matabaka mawili, la Pili na la Tatu, yaliyoteketea kwa moto. Kuhusu Tabaka la Pili, ambalo liko juu, hapakuwa na ubishi mkubwa: linahusishwa na uvamizi wa mwisho wa Wababeli. Mwaka 1935 katika chumba cha lango lake vilipatikana vigae 18 vyenye maandishi ya Kiebrania ya wino. Ubishi ulihusu Tabaka la Tatu. Starkey aliliweka mwaka 597 KK, wakati wa uvamizi wa awali wa Wababeli.

Baada ya Starkey kuuawa mwaka 1938, Olga Tufnell aliendeleza kazi ya kuchapisha matokeo. Katika juzuu lake la mwaka 1953 alihitimisha kwamba Tabaka la Tatu liliungua mwaka 701 KK. Hoja yake ilikuwa ya vyombo: vyungu vya matabaka hayo mawili vinatofautiana mno kiasi kwamba muda wa takribani miaka kumi hauwezi kueleza mabadiliko hayo. Wataalamu wenye sauti kubwa, wakiwamo Albright na Kathleen Kenyon, hawakukubaliana na tarehe hiyo.

Ubishi huu haukuwa wa mji mmoja. Lakishi imetoa mamia ya vishikio vya mitungi vyenye mhuri unaosomeka “ya mfalme”. Tarehe ya Starkey ingeiweka mitungi hiyo katika miongo ya mwisho ya ufalme wa Yuda. Ile ya Tufnell inaihusisha na utawala wa Hezekia na maandalizi yake ya vita. Tarehe za vyombo katika maeneo mengine ya Yuda zilitegemea jibu hilo.

Uchimbaji wa David Ussishkin, ulioanza mwaka 1973, uliipa nguvu hoja ya Tufnell. Ilidhihirika kwamba Tabaka la Nne halikuishia katika moto, na kwamba hakuna mji mwingine uliojengwa kati ya Tabaka la Tatu na la Pili. Hivyo, mji ulioteketezwa na Waashuru hauwezi kuwa mwingine. Katika pembe ya kusini-magharibi lilichunguzwa tuta la mawe lililojengwa na wavamizi, pamoja na vichwa vya mishale na mawe ya kombeo.

5.0 Hitimisho

Mfuatano wa hoja ndio wenye somo. Udongo ulitoa mpangilio wa matabaka na umbali wa wakati kati yake. Maandishi na michongo vikatoa jina na mwaka. Mtafiti anayelipa tabaka tarehe kwa kutumia andiko, kisha akalitumia tabaka hilo hilo kulithibitisha andiko, huwa amezunguka mahali pamoja. Aidha, ushahidi wa Lakishi una mpaka: unaeleza kilichotokea Lakishi. Kuhusu yaliyotokea Yerusalemu, ambako Biblia na kumbukumbu za Senakeribu zinasimulia miisho tofauti, kilima cha Tell ed-Duweir hakitoi hukumu, na hakifai kulazimishwa kuitoa.