Mwanao Ataka Kuwa Injinia wa Kemikali: Je, Uuze Shamba?

Mkulima mmoja wa skimu alikuja ofisini kwetu na barua mkononi. Binti yake ameitwa chuo kikuu kusoma uinjinia wa kemikali, miaka mitano. Mzee akauliza mambo mawili: "Kazi hiyo ni kazi gani? Na je, niuze ekari mbili?" Huenda nawe, msomaji, utaulizwa hayo nyumbani kwako. Basi sikiliza.

Wengi hudhani ni kazi ya kuchanganya dawa katika chupa. Hiyo ni ya mkemia. Injinia wa kemikali hulichukua lililofaulu katika chupa, akalifanya kwa matani, bila hasara na bila mtu kuumia. Tazama miwa yako. Kiwandani husagwa, maji yake hutiwa chokaa ili taka zitulie chini, kisha huchemshwa katika mapipa yaliyopunguzwa hewa. Kwa nini? Kwa sababu hewa ikipungua, maji huchemka kwa moto mdogo, na sukari haiungui. Kupanga moto huo na mvuke wake ndiyo kazi ya injinia huyu.

Kazi zake ziko katika viwanda vya sukari, maziwa, sabuni, rangi na dawa. Katika saruji ya Athi River. Katika magadi ya Ziwa Magadi, yatumikayo kutengeneza kioo. Katika mvuke wa Olkaria, utoao umeme tangu 1981. Na katika mitambo ya kusafisha maji ya miji.

Lakini sitakuficha neno. Kiwanda kikubwa huhitaji mainjinia wachache tu, na viwanda hufungwa. Kile cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Kile cha mafuta cha Mombasa, kilichoanza 1963, kiliacha kusafisha mafuta 2013. Kwa hiyo mwanao asisome akiwa na kiwanda kimoja kichwani. Kuchemsha, kuchuja na kukausha ni elimu ile ile, iwe ni sukari, maziwa au chumvi.

Sasa shika haya manne:

1. Kabla ya kulipa hata senti moja, uliza kama Bodi ya Mainjinia ya Kenya imeikubali kozi hiyo. Kwa sheria ya 2011, asiyeandikishwa na Bodi hana ruhusa ya kujiita injinia.

2. Akihitimu, huandikishwa kwanza kama mhitimu. Uinjinia kamili huja baada ya miaka isiyopungua mitatu kazini. Usitazamie mshahara mkubwa upesi.

3. Aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Ni deni, atalilipa mwenyewe.

4. Wakati wa likizo atafute nafasi ya kujifunza kiwandani. Mwenye kiwanda humkumbuka aliyekwisha kumwona akifanya kazi.

Na kama fedha ni haba kabisa, diploma ya chuo cha ufundi ni fupi zaidi, na baadaye aweza kuendelea.

Nilimwambia mzee yule: shamba likiuzwa halirudi, na hao wadogo zake watakula wapi? Alinyamaza kidogo, akakunja barua yake. "Basi nitauza fahali," akasema, "ardhi ikae."

Nami naona alipima vema. Mpeleke mtoto, mkulima, lakini usiibomoe nyumba anayotoka.