SELERI NA UGONJWA WA KIHARUSI

Bwana mkulima, nawe mama, labda umesikia watu wakisema kwamba seleri ni dawa ya kiharusi. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini usipolielewa vizuri laweza kumpoteza mgonjwa wako. Basi yafaa tulieleze.

Seleri ni mboga ya jamii moja na karoti na dania. Ndani ya mbegu zake mna kitu cha mafuta kiitwacho butilifutalaidi. Wataalamu wa Uchina walikifanya kiwe dawa, na mwaka 2002 serikali yao iliruhusu wagonjwa wa kiharusi watibiwe nayo. Dawa hiyo sasa hutengenezwa kiwandani.

Je, hufanya kazi gani? Fikiri mfereji unaopeleka maji shambani. Ukizibwa, miche hunyauka. Vivyo hivyo damu iliyoganda ikiziba mshipa wa kichwani, sehemu ya ubongo huanza kufa kwa dakika chache. Butilifutalaidi haizibui mfereji. Huisaidia miche kuvumilia kiu mpaka maji yarudi.

Matokeo ya jaribio moja la Uchina yalitangazwa mwaka 2023. Wagonjwa 1,216 walianza kutibiwa kabla ya saa 6 kupita, na wote walipata matibabu ya kuzibua mshipa. Nusu yao waliongezewa butilifutalaidi, na nusu wakapewa dawa ya mfano isiyo na nguvu. Baada ya siku 90, katika kila 100 waliopewa butilifutalaidi, kama 57 walikuwa na hali njema. Katika wale wengine, kama 44. Angalia, basi: wote walitibiwa hospitali, wala si kwa supu ya seleri.

Kwa hiyo, mtu akipinda mdomo ghafula, au mkono ukilegea, au akishindwa kusema, usichemshe majani wala mbegu. Usimpe chakula wala kinywaji, maana aweza kupaliwa. Kumbuka saa ugonjwa ulipoanza, ukamwambie daktari. Tena kuna kiharusi cha mshipa kupasuka, ambacho huwezi kukitambua kwa macho. Lazima kichwa kipigwe picha.

Seleri ilime, uile, uiuze sokoni. Lakini siku ya kiharusi, jambo la kwanza ni kutafuta gari la kwenda hospitali.