Kabla ya kununua utando mpya wa mashine ya maji

MFANYABIASHARA wa Bariadi anayetaka kuuza maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO kwa kawaida hupiga hesabu ya mashine, kisima na umeme. Gharama inayosahaulika ni ya utando, yaani kile kichujio chenyewe kinachozuia chumvi. Utando huziba kidogo kidogo, na hasara huanza kabla mwenye mali hajashtuka.

Tuchukue mashine ya lita 500 kwa saa. Ikishuka hadi lita 425, kwa saa 8 za kazi zimepotea lita 600, sawa na madumu 30 ya lita 20 kila siku. Msomaji azidishe kwa bei ya mtaani kwake. Upungufu huo ni wa asilimia 15, na watengenezaji hushauri kuosha unapofikia asilimia 10 hadi 15, kwa presha na joto lile lile. Anayengoja hadi nusu atakuta uchafu umeganda, na hapo ndipo wengi hununua utando mpya bila sababu.

Dawa hutegemea uchafu. Chokaa ya maji ya kisima huyeyushwa na asidi ya sitriki, ule unga wa ndimu wa madukani, kilo 2 kwa lita 100 za maji safi. Utelezi wa vijidudu na mabaki ya mimea hutaka kostiki ya watengeneza sabuni, kidogo sana, pH isizidi 12 na joto lisizidi nyuzi 35. Dawa huzungushwa kwa presha ndogo, huachwa iloweke, kisha husuuzwa. Uchafu ukiwa mchanganyiko, kostiki hutangulia na asidi hufuata. Kuanza na asidi kunaweza kuugandisha utelezi. Dawa hizo zisichanganywe kamwe, mvaaji glavu na miwani ndiye azishike, na maji ya mwanzo baada ya kuosha yamwagwe, yasiuzwe.

Jiki ni marufuku. Klorini huharibu utando wa aina inayotumika zaidi, na uharibifu huo hauna dawa.

Jambo hili lina uzito kwa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye maeneo ya visima vya chumvi na floridi. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha, kupitia benki ya Ujerumani ya KfW, za mradi unaohusu kufikisha maji ya Ziwa Victoria mkoani humo. Maji ya ziwa yana chumvi kidogo. Tatizo lake ni tope, mwani na vijidudu. Atakayeyafungia RO kubwa atalipia kuondoa chumvi ambayo haipo. Na anayehama kutoka kisimani kwenda bomba la mji aweke kwanza kichujio cha mkaa, kwani maji ya bomba hutiwa klorini.