Yoyo haikufa, inaomba fundi

Sisi ba sindika tumezoea kugombania mushahara. Juzi tuligombana nyumbani juu ya yoyo. Tulinunulia mutoto mupya, ya batu benye kujua. Inashuka, inazunguka muzuri, kurudi hapana. Pesa ilikuwa imekwisha. Tukataka kuipeleka kwa muuzaji.

Kwanza tukaifungua. Ile ya kuanzia iko na roulement nyembamba, kamba inagusa pande mbili, ukivuta kidogo inapanda. Ya hii ni pana: inalala chini muda mrefu, hata ukivuta. Ukitia mafuta mazito itashika, lakini hapo umeirudisha kuwa ya batoto badogo.

Kuipandisha ni hivi. Ikizunguka, weka kidole cha mukono mwengine nyuma ya kamba, karibu na yoyo. Shusha mukono wa kurusha, pitisha kamba kwa mbele, chini ya yoyo, iingie katikati, kisha inua. Vuta kile kitanzi juu na kidole: kamba inajikunja ndani, inabana. Achia haraka. Inapanda kwa nguvu, chunga macho.

Tulijaribu mangaribi nzima. Mutoto aliweza mbele yetu. Sisi tungali tunafungua mafundo.