Rupia 3 za Buha (Sehemu ya Nne)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kituo cha Wajerumani cha Ujiji, na leo nilikusudia kupanda nanyi treni. Redio ikanivuruga. Juni 2025, mjini The Hague, wakuu wa nchi za NATO walikubaliana kwamba ifikapo 2035 ulinzi utengewe asilimia 5 ya pato la taifa. Walibishana, Uhispania ikagoma nusunusu. Lakini waliobishana ndio watakaolipa. Huku Buha, nchi ya Waha wa Kigoma, mlipaji wa kodi ya Mjerumani hakuitwa kwenye kikao.

Turudi 1897. Gavana Liebert wa Afrika Mashariki ya Kijerumani alitoa amri ya kodi ya nyumba, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata: rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Jeshi la koloni lilikuwa linakula fedha nyingi, na Berlin ilikuwa imechoka kuziba pengo. Basi askari akatumwa kukusanya kodi, na kodi ikasaidia kumlisha askari. Asiyekuwa na rupia alilipa mazao, au mgongo wake. Na Muha rupia angeitoa wapi? Mali yake ilikuwa ng'ombe, mbuzi, na chumvi ya Uvinza.

Nani aliidhinisha gharama hizo? Hapa nivumilieni, maana ndipo ninapopapenda. Bajeti za makoloni zilipita mikononi mwa Bunge la Ujerumani, Reichstag. Desemba 1906, moshi wa vita vya Maji Maji ukiwa bado unafuka kusini kwetu, Kansela Bülow aliomba nyongeza ya marki milioni 29 kwa vita vya Namibia ya leo. Chama cha Wakatoliki na Wasoshalisti wakamkatalia. Tarehe 13 akalivunja Bunge, na Januari 1907 nchi nzima ikaenda kupiga kura. Fundi viatu wa Leipzig aliulizwa maoni yake juu ya gharama ya kuwapiga Wanama wa huko Namibia! Mwami wa Heru, mtawala wa huku Buha, hakuulizwa hata bei ya risasi moja.

Wabelgiji waliichukua Kigoma Julai 1916, wakakaa hadi 1921, Waingereza walipokabidhiwa. Kodi haikuondoka na Mjerumani. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliifuata pesa ya kuilipa kwenye mkonge wa Tanga, wakaitwa manamba. Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1926, likapitisha matumizi ya serikali mwaka baada ya mwaka. Waafrika wa kwanza, machifu Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, waliingia 1945, nao kwa kuteuliwa na gavana. Kufikia hapo vita viwili vikubwa vilikuwa vimepita.

Nimelisema katika kila sehemu na nitalirudia: Ujiji pana ukumbusho wa Livingstone na Stanley, watu wawili waliosalimiana. Mpagazi wa Buha aliyebeba masanduku ya risasi hana hata jiwe. Halmashauri zetu zisingoje mfadhili. Mafundi wa kuchonga mawe tunao.

Ya leo nimeyabania nafasi, najua. Barabarani kuelekea Nduta, kambi iliyowapokea Warundi kuanzia 2015, mgawo wa chakula ulipunguzwa mara kadhaa kwa sababu wafadhili walibana mkono, na baadhi yao ndio haohao walioahidi asilimia 5. Aliyepanga foleni ya unga pale naye hakuitwa kwenye kikao.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, treni: reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na waliolala njiani wakiijenga.